Kuku wa Felisian Wanakula Vizuri

Jumanne ya tarehe tisa Machi, mwaka tisini na tatu, ndiyo siku mambo yalipoharibika nyumbani kwa Felisian, huku mtaa wa Nyasho. Asubuhi mtoto wake wa pekee, Dafroza, wa mwaka mmoja na miezi kumi, alitoka kwenye kijani cha kadi ya kliniki akaingia kwenye kijivu cha uzito pungufu. Mchana mama mkwe wake akashuka kwenye basi bila barua wala salamu za kutangulia. Jambo moja kati ya hayo mwanamume angelimudu. Yote mawili kabla ya saa tisa alasiri yanazidi.

Tuanze na kliniki. Serikali ilikuwa imeleta mizani mpya, ile ya kutundika. Kitu cha kutia kwenye tumbo la anayepimwa haikuleta, lakini mizani ilileta, na wakubwa walikuja kuizindua wakapigwa picha nayo. Pelagia, mke wa Felisian, alimvalisha mwanawe ile suruali ya kitambaa ya kupimia akamtundika kwenye ndoano. Dafroza akaning'inia akipiga miguu. Mshale ukapanda, ukasita, ukatulia.

"Kilo tisa na gramu mia moja," alisema nesi Dorkas, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliangalia kadi, akaangalia mtoto. "Mama Dafroza, mwezi wa kwanza huyu alikuwa na tisa na nusu. Anarudi nyuma kama anataka kuingia tumboni tena."

Akina mama kwenye benchi wakacheka. Pelagia alicheka nao kidogo, halafu akaona kwamba wanamcheka yeye.

"Anakula, sista. Analaga vizuri kabisa."

"Analaga nini?"

"Asubuhi chai ya maziwa na mkate. Saa nne biskuti. Mchana uji wa sembe, ile nyeupe, na sukari ya kutosha. Jioni ugali na mchuzi. Jumapili soda, na siku zingine baba yake akipita dukani." Aliyasema kwa kunyoosha shingo, maana hakukuwa na mtoto pale kwenye benchi aliyekuwa anakula biskuti kila siku.

"Mchuzi wa nini?"

"Wa hicho kilichopikwa."

"Na nyama yenyewe?"

"Ya baba yake."

Dorkas aliweka nukta kwenye kijivu akaikandamiza kalamu mpaka karatasi ikabonyea. "Kadi yako hii. Alhamisi nitapita kwenu."

Mtu asimcheke Pelagia. Alipokuwa msichana alikuwa anapanga foleni toka alfajiri kwa kilo moja ya sukari, na ikifika zamu yake anaambiwa imekwisha. Chai walikuwa wanainywa na chumvi. Halafu wakubwa walewale waliotuambia tufunge mikanda wakabadilisha maneno, wakasema ruksa, na maduka yakajaa biskuti za Kenya za kila rangi. Mama aliyekosa sukari ujana wake wote, siku ameipata, atampa mwanawe nini kumwonyesha kwamba anampenda?

*

Alipofika nyumbani alimkuta mama yake ameketi uani juu ya mkoba wake, anawatazama kuku.

Dorotea alikuwa mjane wa Kisorya, kule kwenye kivuko cha kwenda Ukerewe, na alikuwa anawauzia abiria samaki wa kukaanga. Alikuwa na mikono myeusi ya mafuta na sauti ya kushindana na injini ya pantoni. Alimpokea mjukuu, akampima kwa mikono yake miwili, juu, chini, juu.

"Huyu mwepesi," alisema.

"Amechoka na jua, mama."

"Jua halipunguzi kilo. Lete kadi."

"Mama, wewe hujasoma."

"Sijasoma, lakini rangi naiona." Akaichukua, akafuata mstari kwa kidole mpaka kwenye nukta ya asubuhi. "Sikia, Pelagia. Nakaa hapa mpaka kliniki ya mwezi ujao. Akiwa bado kwenye hili jivu, naondoka naye Kisorya."

Pelagia akakaa chini. Alijua maana yake. Dada yake Selestina, aliyeolewa Bunda, alimtoa mtoto wake Mseti kwenda kwa bibi mwezi mmoja tu apate afya. Huu ulikuwa mwaka wa saba. Mseti alikuwa na mashavu kama maandazi, alikuwa anamwita bibi yake "mama", na Selestina mwenyewe akawa kwake "yule mama wa Bunda".

Felisian aliyasikia maneno yote akiwa ndani ya banda la kuku. Hakutoka kujibu. Kwao mkwe huwezi kumtazama usoni ukabishana naye, wala huwezi kutia tonge mdomoni mahali anapokuona. Ukiwa na neno, unalipitisha kwa mke wako.

"Mama Dafroza," alisema kwa sauti ya taratibu nyuma ya wavu, "mwambie mama karibu sana. Mwambie mtoto hataenda mahali."

Dorotea alikuwa hatua nne kutoka hapo. "Pelagia, mwambie mwenzako nimesikia. Mwambie kadi haijibiwi kwa mdomo."

*

Siku hizo Felisian alikuwa na jambo moja la kujivunia, nalo lilikuwa kuku. Alikuwa fundi mashine kiwanda cha nguo. Siku moja wakaitwa uwanjani, wakasomewa karatasi ya Kiingereza, wakaambiwa wamepunguzwa. Miaka kumi na mmoja ya kazi ikarudi kwenye bahasha moja. Wenzake wengine walioa mke wa pili, wengine walikunywa. Felisian alinunua vifaranga sitini wa mayai na kijitabu cha bwana mifugo, akakisoma mpaka kikatoka jalada.

Alhamisi nesi Dorkas alifika na baiskeli kutoka kliniki ya Kitaji. Hakumuuliza mtu kuhusu mtoto. Alisimama mbele ya banda, akawatazama wale kuku wekundu, wazito, manyoya yanang'aa kama yamepakwa mafuta.

"Kuku wako wana afya, baba Dafroza. Unawapaga nini?"

Toka apunguzwe kazi hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Felisian swali la ufundi. Akavuta pumzi.

"Sista, kuku ni kama mashine. Asubuhi mahindi na pumba, hiyo ni ya nguvu. Halafu dagaa waliosagwa, hao ni wa kujenga mwili. Dagaa safi, siyo waliooza. Saa nane majani mabichi, mchicha, mapapai yaliyoiva, hiyo ni kinga. Maji masafi mara tatu. Na chumvi kidogo, isizidi."

"Sukari?"

"Sukari ya nini? Kuku atalegea."

"Na wanagombania?"

"Hapo ndipo watu wanapokosea. Wale wadogo mimi nawatenga, nawapa chombo chao. Mkubwa akitangulia kula, mdogo anaokota pumba tu. Mwezi mmoja hivi, utamwona kifua kimekuwa kisu."

"Kumbe," alisema Dorkas. "Na huyu?"

Alionyesha kwa kidevu. Dafroza alikuwa amekaa kwenye kizingiti na biskuti mkononi, kifua wazi, mbavu zake unaweza kuzihesabu.

Felisian alimtazama mwanawe. "Huyo ana mama yake."

"Kuku hawana mama?"

"Hawana."

"Wana wewe. Ndiyo maana wamenona."

Nyuma ya mlango Dorotea alikohoa, na kikohozi chake kilikuwa na kicheko ndani. Felisian akainama akaanza kuokota manyoya chini, moja moja, kama mtu aliyepoteza sindano. Mtu mwingine angekasirika. Yeye aliona aibu tu, na mtu mwenye aibu bado anaweza kufundishwa.

"Lakini sista," Pelagia alisema kumsaidia, "dagaa kwa mtoto mdogo si minyoo?"

"Minyoo inatoka kwenye uchafu. Waoshe, wakaange wakauke, watwange."

"Na yai? Si atachelewa kusema?"

"Wewe ulipewa mayai utotoni, baba Dafroza?"

"Hapana, kwetu ilikuwa mwiko."

"Ndiyo maana unasema sana."

Dorkas akaacha maagizo: uji wa ulezi wenye karanga na unga wa dagaa, majani ya kijani kila siku, yai, papai, chakula mara tano kidogo kidogo. Biskuti na soda, basi. Na mtoto asilazimishwe. Akapanda baiskeli yake. Bwana mifugo wa wilaya alikuwa na pikipiki. Nesi wa watoto alikuwa na baiskeli. Waliogawa hivyo vyombo walijua wanachokipenda.

*

Kupika kulikuwa rahisi. Kulisha ndiyo ilikuwa kazi.

Siku ya kwanza Dafroza aliutazama ule uji wa kahawia, akafunga mdomo kama mtu anayetunza siri. Siku ya pili aliupokea, akaukalisha shavuni, akautema kwenye kitenge cha bibi yake.

"Mbane pua," alisema Dorotea.

"Nesi kakataza."

"Wewe nilikubanaga pua kila asubuhi. Ulikufa?"

"Sikufa, mama. Ila mpaka leo uji siupendi."

Dorotea akaenda kufua kitenge.

Na kilio cha biskuti kilikuwa hakisimami. Mtoto alisimama mbele ya kabati akilia toka saa nne mpaka saa sita, mtaa mzima ukasikia. Bernado, mwenye duka mkabala na nyumba yao, alikuja mpaka kwenye ua.

"Mama Dafroza, mnamfanya nini mtoto wa watu? Biskuti moja haijawahi kuua."

"Zako wewe unamlisha mwanao?"

"Wangu halagi. Ziniishie dukani?"

Alicheka mwenyewe, kisha akaona Dorotea anatoka na beseni, akarudi kwenye duka lake.

Siku ya tano Felisian alikuwa anakula chakula chake cha mchana nyuma ya banda la kuku, kwa sababu ya mkwe. Zamani alikuwa anakula sebuleni, mezani, peke yake, na mtoto akisogea Pelagia alikuwa anamwita: "Toka hapo, baba anakula." Hivyo ndivyo Pelagia alivyolelewa, na mtoto anayemtazama baba mdomoni alikuwa anaitwa mlafi. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Ilikuwa adabu.

Sasa sahani ilikuwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nyama haikuwepo, fedha ya nyama ilikuwa imekwenda kwenye karanga na ulezi. Ilikuwa ugali na dagaa wa nyanya. Dafroza alikuja peke yake akishika wavu, akasimama mbele ya ndoo, akatazama mkono wa baba yake ukienda na kurudi. Halafu akafungua mdomo.

Felisian aliangalia kulia na kushoto kama mwizi. Akakata tonge dogo, akaliviringisha, akachukua dagaa mmoja asiye na kichwa, akatia. Mtoto akatafuna. Akameza. Akafungua mdomo tena.

"Mama Dafroza," Felisian aliita, "njoo uone."

Pelagia alikuja anakimbia akidhani kuku wamekufa. Aliona sahani tupu. "Nani amemaliza?"

"Sisi," alisema Felisian.

*

Basi ikajulikana dawa ya Dafroza: anakula anachokula baba yake, baba yake akiwa anakula. Mama akimpa peke yake, hataki. Bibi akimpa, anatema. Lakini nyuma ya banda kulikuwa na nzi, na mvua za Machi zilikuwa zimeanza. Barazani ndiyo pakavu, na barazani ndipo Dorotea alipokuwa anakaa toka asubuhi na kazi zake.

Ni Dorotea mwenyewe aliyekata shauri. "Mimi sili na mkwe, na mkwe hali nami akiniona. Tundika kanga."

Pelagia akafunga kamba toka nguzo mpaka dirisha, akatundika kanga mbili. Upande wa huku bibi, upande wa kule baba na mwana. Kitambaa chenyewe kilikuwa chepesi, jua likipiga unaona vivuli vya mikono, lakini heshima ilitimia.

"Pelagia," kivuli cha Dorotea kiliuliza, "huyo mtoto anatafuna au anameza tu?"

"Mama Dafroza, mwambie mama anatafuna."

"Mwambie mwenzako asimharakishe. Hawawahi pantoni."

"Mwambie mama hatuharakishi. Tuko kwenye papai sasa."

Pelagia alikaa katikati, kwenye pindo la kanga, akipitisha maneno ambayo kila mtu alikuwa ameshayasikia. Ilimchosha, na ilimfurahisha. Mwanamume ambaye bado ana mke wa kumpitishia maneno hajui alichonacho.

Dagaa Felisian aliwazoea, hata yai la kuchemsha. Tatizo likawa matembele. Baba zake walikuwa wafugaji, na kwao majani yalikuwa ya ndama. Pelagia akiweka rundo la matembele yaliyoungwa karanga, yeye alikuwa analisogeza pembeni ya sahani, na akiona mke wake kainuka, analidondosha chini taratibu. Dafroza alimtazama. Kisha naye akachukua fungu lake, akalidondosha chini taratibu.

Kuku mmoja mtoro akapita chini ya kanga kwa upande wa baba na mwana, akatokea kwa upande wa Dorotea na kitu kirefu cha kijani kinaning'inia mdomoni.

"Pelagia," aliita Dorotea. "Njoo uone. Kuku wenu siku hizi wanapikiwa matembele ya karanga?"

Upande wa pili kivuli kikubwa kikavuta sahani karibu.

"Mwambie huyo mwanamume anayetaka nimwachie mjukuu wangu ale majani yake."

Pelagia hakupitisha ujumbe. Hakukuwa na haja. Kilisikika kijiko kikigusa sahani, kisha Felisian akitafuna kama mtu anayekula kamba ya katani, kisha meno madogo nayo yakifuatisha. Kufika wiki ya tatu aliacha kukunja uso. Wiki ya nne aliomba aongezewe, akasema ni kwa ajili ya mtoto.

*

Bernado alipata cha kusema. "Felisian, nasikia unawaibia kuku chakula."

"Siwaibii. Tumegawana."

"Mwanamume mzima, dagaa na majani. Soda hunywi. Umeokoka?"

"Wewe kaa na tumbo lako hapo nyuma ya kaunta."

Lakini utani wa Bernado ulikuwa na ukweli ndani yake. Dagaa walikuwa wanapanda bei kila wiki, maana malori yalikuwa yanawachukua kwa magunia kwenda Nairobi kusagwa wawe chakula cha kuku wa watu wengine. Samaki aina ya sato alikuwa haonekani sokoni. Furu walikwisha zamani, waliliwa na sangara, na sangara mwenyewe minofu yake inapanda ndege, sisi wenye ziwa tunauziwa mgongo na kichwa. Wanaopanga hayo wana watoto pia, ila watoto wao hawapimwi kwenye ndoano. Felisian alipunguza dagaa wa kuku kwa theluthi, akatoa yai moja kila siku kwa ajili ya Dafroza. Trei za mayai ya kuuza zikapungua. Hakulalamika, ila alikuwa anapita bandani akiwasemesha kuku kama mtu anayeomba radhi.

Siku nane kabla ya kliniki mtoto alishikwa na homa na kuharisha. Siku tatu hakutaka kitu ila titi, na titi lilikuwa limeshakauka. Felisian alikaa nyuma ya kanga na sahani yake, akala peke yake kwa sauti, akatafuna kwa makusudi, "mm, tamu hii," na mtoto amelala pajani hata hamtazami.

Pelagia aliingia chumbani akamkuta mama yake anakunja gauni za Dafroza, anaziweka kwenye mkoba.

"Unafanya nini, mama?"

"Naziweka tayari tu."

"Mwezi haujaisha."

"Najua. Mimi sipendi kufungasha mbio mbio." Hakumtazama. "Ukifikiri ninafurahi, hunijui. Nina miaka sitini na moja. Unadhani mgongo huu unataka mtoto mwingine?"

"Basi niachie."

"Nikuachie nije nimzike?"

Pelagia hakulia mbele yake. Alitoka akaenda kutwanga dagaa, na alitwanga mpaka wakawa vumbi.

Siku ya nne Dafroza alifungua jicho, akafuata mkono wa baba yake toka sahani mpaka mdomoni, akasema neno lake la kwanza lililoeleweka na watu wote wa pande zote mbili za kanga. Alisema, "Nipe."

"Na amekula mayai," alisema Dorotea. "Nani alisema atachelewa kusema?"

*

Jumanne baada ya Pasaka walikwenda wote wanne. Felisian alikuwa mwanamume pekee kwenye benchi lenye wanawake arobaini, na hakujua mikono aiweke wapi. Dorotea alikaa mwisho kabisa, amempa mkwe wake mgongo kwa heshima, mkoba umefungwa miguuni. Alikuwa ameulizia basi la mchana la Bunda, njia ya kwenda Kisorya, na Pelagia alikuwa amemsikia.

Walipoitwa, Felisian ndiye aliyemtundika mtoto. Mshale ukapanda, ukapita tisa, ukacheza. Dafroza alikuwa anarusha miguu na mshale haukutaka kutulia. Pelagia alitazama sakafu.

"Tulia, mama," Felisian alimwambia mwanawe. "Tulia wakuone."

Dorkas alisogeza miwani yake yenye uzi. "Tisa na gramu mia sita." Akachukua kadi, akafuata mstari, akaweka nukta. "Kijani. Ameingilia dirishani, lakini ameingia."

Dorotea alifungua mkoba palepale kwenye benchi, akatoa gauni moja moja, akimpa Pelagia mkononi. Alipofika la mwisho, la manjano, alilishika kidogo.

"Hili niachie. Nitalipeleka kwa Mseti akalione, ajue ana ndugu mjini." Kisha akapaza sauti kidogo, uso wake umeelekea ukutani. "Pelagia, mwambie mwenzako mimi nikiondoka asirudi kukaa mezani peke yake kama mkuu wa wilaya."

"Mama Dafroza," alisema Felisian, "mwambie mama asante. Mwambie nimesikia."

Wanawake waliokaa karibu walicheka, safari hii kicheko kizuri, na Pelagia akacheka nao mpaka akajifuta macho kwa gauni la mtoto.

Dorkas aliona nafasi. Miaka sita alikuwa anawaeleza wanawake mambo yaleyale, na leo alikuwa amepata baba. "Baba Dafroza, simama uwaambie wenzako mlichofanya. Wewe si unajua kusema?"

Felisian akasimama. Alianza vibaya, akarekebisha, halafu akapata njia yake. Aliwaambia juu ya kanga, na juu ya yule kuku na matembele, benchi zima likavunjika mbavu. Aliwaambia mtoto anafuata mdomo wa baba, kwa hiyo baba asipokula majani, msimpigie mtoto kelele. Aliwaambia wasibane pua. Aliwaambia biskuti ni kumdanganya mtoto na tumbo lake.

"Na chakula chenyewe nilikuwa nacho," alisema mwishoni. "Mimi mjinga nilikuwa nawapa kuku. Nilichofanya nilichukua kwa kuku, nikampa mwanangu. Ni hicho tu, jamani. Siyo kitu kigumu."

Wakapiga makofi. Dorkas mwenyewe alipiga makofi.

Yalipoisha, mwanamke mmoja wa nyuma akanyanyua mkono. Alikuwa kijana, mtoto mgongoni, mwingine ameshika kitenge chake. Alisema anaitwa Bhoke, anaishi kwenye chumba cha kupanga nyuma ya soko, anabeba migongo ya sangara toka kiwanda cha minofu kwenda kwa wakaangaji. Kadi yake alikuwa ameishika kwa mikono miwili. Nukta yake ilikuwa kwenye nyekundu, chini ya kijivu.

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeulizia njia.

"Nimefurahi sana, baba. Ila wewe ulikuwa na kuku wa kuwanyang'anya. Mimi sina kuku. Mimi nimnyang'anye nani?"

Dorkas aliangalia karatasi zake. Felisian alimwangalia Dorkas. Mizani ilikuwa bado inabembea, haina mtu.

"Nauliza tu," alisema Bhoke. "Nimnyang'anye nani?"